Upungufu wa Chuma na Swali la Glutini katika Nchi ya Ndizi

Mwili wa mtu mzima una gramu 3 hadi 4 za madini ya chuma, na sehemu kubwa imo ndani ya hemoglobini, protini ya chembe nyekundu za damu inayobeba oksijeni. Kila siku mwili hupoteza takriban miligramu 1 tu, na hiyo hurudishwa kwa kufyonzwa hasa kwenye duodeni, kipande cha kwanza cha utumbo mwembamba kinachopokea chakula kutoka tumboni. Mwanamke anayepata hedhi hupoteza zaidi, na mimba moja hudai karibu gramu nzima. Mwili hauwezi kujiundia chuma. Kwa hiyo kila upungufu una chanzo chake: chakula hakina chuma cha kutosha, au chuma kimo lakini utumbo haukifyonzi, au damu inatoka mahali fulani, au maradhi ya muda mrefu yamekifungia ghalani kisitumike.

Siliaki, ugonjwa unaochochewa na glutini, protini iliyomo katika ngano, shayiri na nafaka ya rai, huharibu ufyonzaji, kwa kuwa mashambulizi yake huanzia kwenye duodeni yenyewe. Ndiyo maana huko Ulaya na Marekani mtu mwenye chuma kidogo bila sababu ya wazi hupimwa siliaki mapema, hata kama haharishi wala hajakonda. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa takriban wagonjwa 3 kati ya kila 100 wenye upungufu wa damu unaotokana na chuma walikuwa na siliaki iliyothibitishwa kwa kinyama cha utumbo, yaani kipande kidogo kilichokatwa na kuchunguzwa. Takwimu hizo zilitoka zaidi katika nchi za walaji wa mkate. Ihanda, kata ya Wilaya ya Karagwe mkoani Kagera, hula ndizi na maharage, na vivyo hivyo jirani zake wa Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Huko siliaki haiwezi kuwekwa mwanzoni mwa orodha. Kuifuta kabisa kwenye orodha, hata hivyo, ni kosa la pili, na kosa hilo hufanyika kimyakimya.

Upungufu wa damu wenyewe si jambo adimu. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto na malaria wa mwaka 2015/16 ulikuta asilimia 58 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 wana damu pungufu, na asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49. Si wote hao waliokosa chuma. Malaria huvunja chembe nyekundu na wakati huohuo huzuia uboho kuunda nyingine, na Kagera, pamoja na Kigoma na Geita, ni kati ya mikoa ambayo vipimo vya taifa hukuta vimelea vya malaria kwa wingi. Selimundu nayo ina uzito wake: uchunguzi wa watoto wachanga wa Kanda ya Ziwa, uliofanyiwa katika maabara ya Hospitali ya Bugando, Mwanza, uligundua kuwa mtoto 1 kati ya 5 amerithi kinasaba kimoja cha selimundu, na zaidi ya 1 kati ya 100 ana ugonjwa wenyewe. Virusi vya Ukimwi vimo pia katika hesabu. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi kutambuliwa Tanzania walikuwa wa Kagera, mwaka 1983, na mpaka leo mtu mwenye damu pungufu ya muda mrefu hafanyiwi uchunguzi kamili bila kipimo cha virusi hivyo.

Baada ya hayo ndipo linakuja suala la chuma chenyewe, na hapo mlo wa Karagwe unastahili kuangaliwa kwa makini. Ndizi ya kupika hushibisha, ina potasiamu ya kutosha, lakini chuma chake ni kidogo mno. Gramu 100 hazifikishi hata miligramu 1. Maharage yanayopikwa pamoja nayo yana chuma kingi zaidi, ila kimezungukwa na faiteti na polifenoli zinazokikamata kabla utumbo haujakifikia, hivyo kinachofyonzwa ni sehemu ndogo tu. Nyama, maini, dagaa na samaki wa ziwa vina chuma cha aina nyingine, kile kilichomo tayari ndani ya hemu, sehemu ya hemoglobini inayoshika chuma, ambacho utumbo hukipokea bila kuzuiwa sana na vyakula vingine. Senene huongeza kitu katika msimu wao, lakini msimu hupita. Nyumba inayokula ndizi na maharage mwaka mzima na kuonja nyama sikukuu kwa sikukuu ina chuma sahanini, ila kidogo ndicho kinachofika kwenye damu.

Halafu kuna kahawa na chai. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1983, kikombe cha kahawa kilichonywewa pamoja na mlo kilipunguza ufyonzaji wa chuma kwa asilimia 39, na chai kwa asilimia 64. Kahawa iliyonywewa saa moja kabla ya kula haikuwa na athari. Iliyonywewa saa moja baadaye ilizuia kama ile ya mezani. Kwa wilaya inayolima kahawa, ambako ya kutafuna hutolewa kwa wageni na chai ya rangi hufuata kila mlo, ushauri huu una maana kuliko vidonge vingi: kahawa ibaki, isogezwe tu mbali na chakula. Pera, papai, nyanya au limau vikiliwa pamoja na maharage hufanya kinyume chake, kwa kuwa vitamini C huachia chuma kutoka kwenye mikono ya faiteti.

Ng'ambo ya Mto Kagera, nchini Rwanda, tatizo hili la maharage limejaribiwa kutatuliwa kwa mbegu. Wanafunzi wa kike wa chuo huko Huye waliokuwa na chuma kidogo walilishwa maharage yaliyozalishwa kwa makusudi yawe na chuma zaidi, na baada ya siku 128 hemoglobini na akiba yao ya chuma zilikuwa zimepanda kuliko za wenzao waliokula maharage ya kawaida. Si muujiza, ila utafiti huo unaonyesha kuwa harage laweza kuwa dawa pasipo kubadili chungu. Inashangaza kidogo kwamba mahitaji haya yako katika nchi yenye historia ya chuma isiyo na mfano: Buhaya, nchi ya Wahaya, palifuliwa chuma zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na hazina ya ufalme wa Karagwe iliyotunzwa Bweranyange, ile ya mfalme Rumanyika aliyewapokea wapelelezi Speke na Grant mwaka 1861, ilijaa sanamu za ng'ombe na zana za chuma. Udongo mwekundu wa vilima hivyo una chuma tele. Anayeula hafaidiki. Udongo wa kutafunwa unaouzwa masokoni kwa wajawazito hukamata chuma tumboni badala ya kukitoa, na hamu yenyewe ya kula udongo, mkaa au mchele mbichi mara nyingi ni dalili kwamba chuma kimeshapungua. Mganga anayeuliza kuhusu hamu hiyo bila kumwaibisha mgonjwa hupata habari ambayo mashine haimpi.

Njia za upotevu zinapimika kirahisi zaidi. Minyoo ya safura hung'ata ukuta wa utumbo na kunyonya damu. Aina moja huchukua takriban mililita 0.03 hadi 0.05 kwa siku kwa kila mnyoo, nyingine hufika 0.2, na mtu mwenye mamia yao hupoteza damu kila siku asijue. Tafiti za miaka ya 1990 kwa wanafunzi wa Pemba zilionyesha kuwa minyoo hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu kuu za upungufu wa chuma kisiwani. Kidonge kimoja cha albendazole cha miligramu 400 ni rahisi kuliko kipimo chochote kinachofuata. Kichocho cha tumbo huleta damu katika choo kwa wanaogusa maji ya ziwa na mito. Hedhi nzito mara nyingi haitajwi mpaka iulizwe, na uzazi wa karibukaribu humaliza akiba kabla haijajazwa. Bakteria wa tumboni, Helicobacter pylori, anayejulikana zaidi mitaani kwa jina la vidonda vya tumbo, hupunguza asidi inayohitajika kuyeyusha chuma; hupimwa kwa choo na hutibika. Dawa za kupunguza asidi, kama omeprazole zinazonunuliwa madukani na kunywewa miezi kadhaa, hufanya vivyo hivyo. Mwanamume, au mwanamke aliyekoma hedhi, asikubali kupewa vidonge vya kuongeza damu na kurudishwa nyumbani: kwa watu hao chuma kinachopungua chaweza kuwa dalili ya kwanza ya kansa ya tumbo au ya utumbo mpana.

Vipimo navyo vina utaratibu. Zahanati hupima hemoglobini kwa tone la kidoleni. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa na upungufu mwanamke asiye mjamzito aliye chini ya gramu 12 kwa desilita, mjamzito chini ya 11 (10.5 katika miezi mitatu ya kati ya mimba), mwanamume chini ya 13. Namba hiyo husema damu ni pungufu. Haisemi kwa nini. Hospitali kama Nyakahanga, ya Dayosisi ya Karagwe ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, hupima picha nzima ya damu, na hapo huonekana kama chembe ni ndogo na hafifu. Chembe ndogo si hati ya chuma pekee, kwa kuwa talasemia ya alfa, hitilafu ya kurithi ya hemoglobini iliyoenea Afrika Mashariki, hutoa sura ileile kwa mtu mwenye chuma cha kutosha, na kumlisha huyo vidonge mwaka mzima hakusaidii kitu. Kipimo kinachoamua ni ferritini, protini inayohifadhi chuma. Kwa mtu mzima mwenye afya, chini ya mikrogramu 15 kwa lita maana yake ghala ni tupu.

Tatizo ni kwamba ferritini hupanda mwili unapopambana na maradhi. Mtu mwenye malaria, kifua kikuu au maambukizi mengine huweza kuonyesha ferritini ya 50 huku uboho wake hauna chuma. Kwa sababu hiyo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 umepandisha kizingiti hadi 70 kwa mtu mzima mwenye uvimbe au maambukizi, na 30 kwa mtoto wa chini ya miaka 5. Kipimo cha protini ya uvimbe, CRP, kikifanywa pamoja na ferritini, daktari huelewa anasoma nini. Kinachoendesha mchezo huu ni homoni ya ini iitwayo hepsidini, iliyotambuliwa kati ya mwaka 2000 na 2001: maradhi yanapoingia, hepsidini hupanda, mlango wa duodeni hufungwa, na chuma kilichoko ghalani huzuiwa kutoka. Kidonge kinachomezwa siku ya homa huishia chooni, na chuma kisichofyonzwa, kwa homa au bila homa, ndicho kiini cha choo cheusi kinachowatisha wengi.

Hapa yafaa kuikumbuka Pemba tena. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 maelfu ya watoto wadogo kisiwani humo walipewa chuma na foliki asidi kila siku katika jaribio kubwa. Sehemu hiyo ya jaribio ilisimamishwa kabla ya wakati, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kuwa waliopewa chuma walikuwa na hatari ya asilimia 12 zaidi ya kufa au kulazwa. Walionufaika ni wale waliokuwa kweli na upungufu wa chuma na waliofuatiliwa malaria kwa karibu. Funzo lake halikuwa kwamba chuma ni sumu. Ni kwamba mahali penye malaria mtoto hupimwa na kutibiwa malaria kwanza, kisha hupewa chuma kwa sababu inayojulikana.

Vidonge vya chuma na foliki asidi, ambavyo kliniki za wajawazito huviita kwa kifupi FEFO, ni tiba na pia ni kipimo. Kwa mtu anayevimeza ipasavyo, hemoglobini hupanda gramu 1 au zaidi kwa desilita katika wiki 4. Vikimezwa kila siku huamsha hepsidini na kuzuia kidonge cha kesho. Utafiti wa wanawake wa Uswisi uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa kumeza siku moja na kuacha siku moja hufanya sehemu kubwa zaidi ya kila kidonge ifyonzwe. Mjamzito hubaki kwenye ratiba aliyopewa kliniki. Wengine wote hujadiliana na daktari, na huendelea kwa takriban miezi 3 baada ya damu kurudi kawaida, ili ghala nalo lijae.

Wiki nne hizo zikipita na namba isisogee, uchunguzi ndipo unapoanza upya, na ni hapa, si mapema zaidi, ambapo siliaki inaingia Ihanda kwa haki. Mtu kamaliza dozi kweli, minyoo imetibiwa, malaria hakuna, hedhi si nzito, bakteria wa tumbo ameondolewa, na chuma bado hakiingii: huyo ana tatizo la ufyonzaji mpaka ithibitike vinginevyo. Wapo wanaostahili kufikiriwa hata kabla ya hapo, nao ni wenye kisukari cha aina ya kwanza, wenye ndugu wa damu mwenye siliaki, watoto wanaohara na kudumaa tangu walipoanza nafaka, na wenye upele wa malengelenge unaowasha viwikoni na magotini usiopona kwa dawa za ngozi.

Historia ya ugonjwa huu inaihusu nchi ya ndizi kwa namna isiyotarajiwa. Samuel Gee wa London aliueleza mwaka 1888 na akasema kuwa kama unatibika basi ni kwa chakula, bila kujua chakula gani. Mwaka 1924 Sidney Haas, daktari wa watoto wa New York, aliandika juu ya watoto waliokuwa wakinyauka aliowapa mlo wa ndizi mbivu na kuwazuilia mkate, viazi na nafaka zote. Walinenepa. Kwa miongo mitatu ndizi ilihesabiwa kuwa dawa ya siliaki, na Haas aliamini hivyo mpaka mwisho, kwamba ndani ya tunda hilo mna kitu kinachoponya. Aliyelifumbua fumbo ni Willem Karel Dicke wa Uholanzi. Katika njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945 mkate ulitoweka, na watoto wake wenye siliaki, wakila walichopata, hawakuzidiwa kama ilivyotarajiwa; mkate uliporudi, ugonjwa ulirudi. Tasnifu yake ya mwaka 1950 katika Chuo Kikuu cha Utrecht iliitia hatiani ngano. Ndizi haikuwa imeponya chochote. Ilikuwa imekalia tu kiti cha mkate.

Maana yake kwa Karagwe ni nzito kuliko ilivyokuwa kwa New York. Mtu aliyezaliwa na urithi wa siliaki akakulia kwenye ndizi, maharage, mihogo, viazi vitamu na ugali wa mahindi huenda asiugue kwa miaka mingi, kwa sababu hakuna kinachomchokoza. Huenda akaanza kuugua pale mlo utakapobadilika: anapohamia Mwanza au Dar es Salaam na kuishi kwa chapati na supu, anapofungua kibanda cha maandazi na kula anachokaanga, au mtoto anapoachishwa ziwa kwa uji wa lishe ambao, pamoja na ulezi, soya na karanga, aghalabu umetiwa ngano. Maswali yenye faida kwa mgonjwa wa aina hii ni machache: ngano ilianza lini kuwa chakula chake cha kila siku, na damu ilianza lini kushuka. Dokezo hili halina uzito huo Ulaya, kwa kuwa huko karibu kila mtu hukua akila ngano.

Urithi wenyewe haujazuiliwa na mipaka ya bara. Ugonjwa unahitaji moja ya aina mbili za vinasaba, HLA-DQ2 au HLA-DQ8, na watu wengi wanaovibeba hawaugui kamwe. Makadirio ya dunia yaliyochapishwa mwaka 2018 yaliweka siliaki iliyothibitishwa kwa kinyama kwenye asilimia 0.7. Kiwango cha juu kuliko vyote kilichowahi kuripotiwa hakikutoka Ulaya: ni asilimia 5.6, kwa watoto wa Wasaharawi wa Sahara Magharibi, kabila lililobadilisha maziwa na nyama ya ngamia kwa unga wa ngano wa msaada katika muda wa vizazi vichache. Tanzania huagiza ngano nyingi kutoka nje, na chapati imeshafika kila mnada wa Kagera. Kusema kwamba siliaki ni ugonjwa wa Wazungu ni kusema jambo lililokuwa karibu na kweli wakati mkate ulipokuwa wao.

Kipimo cha kwanza ni cha damu, nacho hutafuta kingamwili za aina ya IgA dhidi ya kimeng'enya cha tishu kiitwacho transiglutaminesi, ambacho watafiti Dieterich na Schuppan walikitambua mwaka 1997 kuwa ndicho shabaha ya mashambulizi. Pamoja nacho hupimwa jumla ya IgA, kwa sababu mwenye upungufu wa IgA hutoa jibu hasi la uongo. Kipimo cha zamani cha kingamwili dhidi ya gliadini, sehemu ya glutini, kiachwe; hutoa majibu chanya ya uongo kwa wingi, hasa kwa watu wenye maambukizi ya muda mrefu.

Sharti moja hupuuzwa kuliko yote. Kingamwili hizi hutengenezwa pale tu glutini inapoliwa. Aliyesikia kwa rafiki kwamba ngano inamvimbisha tumbo, akaiacha miezi mitatu, kisha akaenda kupima, atapata jibu safi lisilo na thamani. Na huko Ihanda jibu hilo huweza kupatikana bila kuacha chochote, kwa kuwa mgonjwa hali ngano kwanza. Daktari huuliza, na ikibidi humtaka ale kiasi cha gramu 3 hadi 10 za glutini kila siku kwa wiki kadhaa kabla ya kuchukua damu. Slesi mbili za mkate hubeba takriban gramu 4, na chapati moja nene haiko mbali na hapo. Anayeishi kwa ndizi tupu, asiyegusa ngano, na bado ana chuma kidogo, chanzo chake kitafutwe kwingine. Siliaki haiwezi kumla mtu asiyeila glutini.

Kingamwili zikiwa juu, mtu mzima hupelekwa kwenye endoskopi. Mpira wenye kamera hupitishwa kinywani hadi duodeni, na vinyama kadhaa huchukuliwa, kwa sababu uharibifu huwa wa madoadoa. Bugando ndiyo hospitali ya rufaa ya kanda, safari ya siku nzima kutoka Karagwe, ama kwa basi ama kwa meli kutoka Bukoba. Kwa mtoto ambaye kingamwili zake zimevuka mara 10 ya kiwango cha juu cha kawaida, na kipimo cha pili cha sampuli nyingine kikakubaliana, mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2020 unaruhusu kuamua bila kinyama.

Msomaji wa kinyama huangalia vilasi, vile vinyweleo vya ukuta wa utumbo vinavyofanya kazi ya kufyonza. Katika siliaki hufupika na kupotea, na ukuta hujaa chembe za limfu. Katika Afrika ya kitropiki picha hiyo haitoshi. Madaktari wa Makerere waliandika mwaka 1969 kwamba utumbo wa Waganda wasiolalamika chochote una vilasi vifupi na vipana kuliko vya Waingereza, na tangu hapo imejulikana kuwa maji na mazingira machafu hulegeza utumbo kwa namna inayofanana na siliaki. Kimelea jiardia hufanya hivyo, kifua kikuu cha tumbo hufanya hivyo, na Ukimwi hufanya hivyo. Kingamwili bila kinyama, au kinyama bila kingamwili, visimtie mtu mzima katika mlo wa maisha yote. Vikikubaliana vyote viwili, na mgonjwa akapata nafuu baada ya kuacha glutini, shaka huondoka.

Wengi wanaolalamikia ngano hawatakutwa na siliaki. Wachache wana mzio wa ngano, unaoleta vipele, uvimbe wa midomo au pumzi kubana ndani ya dakika au saa chache. Waliobaki husemwa kuwa hawaivumilii glutini, hali isiyo na kipimo cha damu wala alama ya kinyama. Utafiti wa Norway wa mwaka 2018 uliwapa watu wa namna hiyo baa za chakula bila kuwaambia zina nini, na walichovimbiwa zaidi ni fruktani, sukari za ngano na za vitunguu, kuliko glutini. Maharage yana sukari zinazofanana na hizo. Lakini hali hiyo haiharibu vilasi na haielezi chuma kilichopungua. Aliyejipa utambuzi huo akaridhika, huku hemoglobini yake ikiwa 8, ameacha damu iendelee kutoka mahali ambapo hapajatazamwa.

Kwa aliyethibitishwa, tiba ni moja: kuacha ngano, shayiri na rai maisha yote. Duodeni hujirekebisha taratibu, na chuma hurudi kwa miezi 6 hadi 12, kwa kusaidiwa na vidonge au, kwa walioshindwa kuvivumilia, chuma cha mshipani. Hapa mkaaji wa Ihanda ana nafuu ambayo mkaaji wa London huinunua kwa bei ya juu. Ndizi, mahindi, mihogo, mchele, viazi, mtama, ulezi, maharage na karanga hazina glutini. Rubisi, pombe ya ndizi inayochachushwa kwa mtama, haina. Bia ya chupa iliyotengenezwa kwa shayiri inayo. Mitego iko pembeni: mashine ya kusaga iliyotoka kusaga ngano, unga wa lishe usiotajwa vilivyomo, mafuta ya mgahawa yaliyokaangia maandazi asubuhi na ndizi mchana, kaimati, tambi, vitumbua vilivyoongezwa unga wa ngano ili vishikane. Kiwango cha kimataifa cha chakula kisicho na glutini ni miligramu 20 kwa kilo, kwa hiyo makombo yana uzito. Hata altare ina swali lake. Hostia ya Kanisa Katoliki lazima iwe ya ngano, na barua ya Vatikani ya mwaka 2017 ilirudia kuwa isiyo na glutini kabisa si halali, ila yenye glutini kidogo sana inakubalika. Asiyeweza hata hiyo huruhusiwa kukomunika kwa divai peke yake, jambo ambalo waumini wa Jimbo la Kayanga wanaweza kumwomba paroko wao.

Mlo huo usio na glutini, pamoja na usalama wake, bado ni mlo wenye chuma kidogo. Mwenye siliaki wa Karagwe aliyerudi kwenye ndizi na maharage ameokoa utumbo wake, lakini hajajaza ghala, na atahitaji dagaa, maini na vidonge kwa muda mrefu kuliko mwenzake wa Ulaya. Hemoglobini na ferritini zake zipimwe tena baada ya miezi mitatu, kisha kila mwaka. Wazazi, ndugu na watoto wake nao wapimwe damu, wakiwa wanakula ngano kama kawaida yao, kwa kuwa katika jamaa wa karibu wa mgonjwa takriban 1 kati ya 10 ana siliaki, na wengi wao hawajawahi kuumwa tumbo.